Nusu ya Ukweli Kuhusu Msongo wa Mawazo Vyuoni

Habari za afya ya akili zimeingia vyuoni kwa nguvu miaka hii. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeripoti chuoni Iyunga, Mbeya, au Mkwawa, Iringa, hukutana nazo hata kabla hajajua maktaba iko upande gani: kwenye semina za wiki ya kupokea wageni, kwenye mafundisho ya vikundi vya dini, kwenye video fupi zinazozunguka katika magrupu ya WhatsApp ya darasa. Inapofika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mabango na makongamano huongezeka. Nafurahi kwamba tumefika hapa, maana ukimya uliotangulia ulikuwa na gharama yake, na waliolipa gharama hiyo ni vijana. Lakini mwulize mwanafunzi aliyetoka kwenye mojawapo ya semina hizo amebaki na nini kichwani, na mara nyingi utasikia jambo moja: msongo wa mawazo ni sumu, msongo unaharibu ubongo, msongo unaua, ukiuona ukimbie.

Ujumbe huo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ikisimama peke yake inawaongezea wanafunzi mzigo. Namna kijana anavyouamini msongo ni sehemu ya namna msongo utakavyomtenda. Tuna ushahidi wa kutosha wa kusema hivyo bila kusitasita. Hata hivyo siungani na kundi la pili, la wahamasishaji wanaosema kila kitu kimo kichwani na ukibadili fikra umemaliza. Imani ina nguvu, na nguvu yake ina mipaka. Haijazi sahani wala hailipi ada. Chuo kitakachobadili imani za wanafunzi bila kugusa yale yanayowaelemea kitakuwa kimewapa lawama juu ya shida waliyokuwa nayo tayari.

Hofu ya msongo ina historia. Mwaka 1936 Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu alichokiona kwa panya wa maabara. Awaweke kwenye baridi kali, awachoshe kupita kiasi, awajeruhi au awachome sindano za dawa, miili yao iliitikia kwa namna ileile: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi ikasinyaa, vidonda vikatokea tumboni. Kutoka hapo dunia ilijifunza kuuogopa msongo. Kilichosahaulika ni kwamba panya wale walisukumwa hadi ukingoni mwa kifo, na kwamba Selye mwenyewe baadaye alitenganisha msongo unaodhuru na ule unaomjenga mtu. Sehemu ya kwanza ya kazi yake ikawa elimu ya umma. Ya pili ikabaki vitabuni.

Mwili wenyewe unasema mengi kuliko semina. Mtu akikabiliwa na jambo zito, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hudunda haraka, mapafu huvuta hewa zaidi, kisha homoni ya kotisoli huachilia sukari ili misuli na ubongo vipate cha kutumia. Kotisoli hiyohiyo inayoitwa sumu kwenye video hupanda kila asubuhi mtu anapoamka, awe na mtihani au asiwe nao. Ni sehemu ya kinachomtoa kitandani. Madhara huja pale mwitikio huo unapokosa kuzima, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi, bila usingizi na bila chakula cha maana. Bruce McEwen wa Marekani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kueleza uchakavu huo wa mwili uliochoshwa na utayari usiokwisha. Aliyesafiri kwa basi kutoka Morogoro kuja Iringa amelisikia lori la mizigo likinguruma kwenye kona za Kitonga. Ngurumo ile haina maana kwamba injini imeharibika. Ndiyo kazi yenyewe ya kupandisha tani za mzigo mlimani. Dereva anayeijua huingiza gia ndogo na kuendelea, na anayesimama ghafla katikati ya mlima kwa kuogopa sauti ya gari lake ndiye anayeita ajali. Lakini hata dereva hodari hawezi kupanda Kitonga usiku na mchana, akifika juu ashuke apande tena, bila kuipumzisha injini Ilula. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na semina zetu zinafundisha moja tu.

Sasa tuje kwenye ushahidi kuhusu imani. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake, nchini Marekani, waliwachukua wanafunzi wa chuo waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingilia masomo ya shahada za juu. Kabla ya mtihani wa majaribio, sehemu yao waliambiwa maneno machache: watu wengi hudhani wasiwasi huharibu matokeo, lakini mwili kuchangamka hakudhuru, kunaweza hata kusaidia, kwa hiyo ukijisikia wasiwasi, jikumbushe kwamba huenda unakusaidia. Wenzao hawakuambiwa hivyo. Walioambiwa walipata maksi za juu zaidi katika hisabati, na walipoleta matokeo ya mtihani halisi baadaye, tofauti ilikuwa bado ipo. Jambo ambalo ningependa kila mshauri wa wanafunzi alijue ni kwamba vipimo vya mate yao havikuonyesha kuwa walitulia. Miili yao ilikuwa imechangamka vilivyo. Kilichobadilika ni maana waliyoipa hali hiyo, na maana hiyo ikawaachia akili nafasi ya kushughulika na hesabu badala ya kushughulika na mapigo ya moyo.

Miaka mitatu baadaye Alia Crum, Peter Salovey na Shawn Achor walichapisha kazi iliyoweka imani hizi kwenye mizani. Walipima kama mtu anaamini msongo humdhoofisha au humwimarisha, kisha wakawaonyesha wafanyakazi wa kampuni ya fedha video fupi za dakika chache zenye mwelekeo mmoja au mwingine. Walioona video za kwamba msongo unaweza kuimarisha waliripoti nafuu ya afya ya akili na utendaji bora kazini. Kwa wanafunzi wa chuo waliochunguzwa katika kazi hiyohiyo, walioamini msongo unaweza kujenga walitaka zaidi kuambiwa wamekosea wapi. Naliona hilo kuwa muhimu kuliko maksi zote. Mwanafunzi anayeamini msongo ni sumu atafanya jambo la busara kabisa kwa mujibu wa imani yake, yaani atajiepusha nao. Test ikirudi na alama mbaya hataenda ofisi ya mwalimu, kwa kuwa ofisi ile ndiyo chanzo cha msongo. Ataahirisha kazi ya kikundi. Atalala mchana, atashika simu hadi saa nane za usiku, atasema anapumzisha akili. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikifika, kile alichokikimbia kwa wiki kumi kitakuwa kimemsubiri mlangoni chote kwa pamoja, na hofu ya kula sup (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa masomoni) sasa itakuwa na msingi wa kweli.

Binti mmoja wa mwaka wa pili anayesoma mambo ya uhandisi hapa Mbeya aliwahi kunieleza kwamba mtihani wenyewe haukumtisha sana, ila alitishwa na moyo wake. Ukianza kwenda mbio hukumbuka alichosikia kwamba msongo unaua seli za ubongo, na kuanzia hapo hafikirii tena swali lililo mbele yake. Anafikiria seli anazopoteza. Hofu ya kwanza ilikuwa ya karatasi na ingeisha saa tatu baadaye. Ya pili ilikuwa ya mwili wake mwenyewe, na mwili alikuwa akienda nao kila mahali. Aliyempa hofu hiyo ya pili alikuwa na nia njema kabisa.

Naijua hoja kwamba huu wote ni utafiti wa Wamarekani, watu wenye vyuo vyenye joto na milo mitatu. Hoja hiyo ina uzito, nami nitaurudia hapa chini ninapozungumzia njaa. Lakini kusema kwamba imani kuhusu mwili na masomo ni jambo la wageni ni kutojitazama. Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kuhusu wanafunzi waliolalamikia joto na vitu vinavyotambaa kichwani, macho kukataa kusoma, akili kukataa kushika, nao wakisema sababu ni kusoma kupita kiasi. Wataalamu wamebishana tangu hapo kama ule ni ugonjwa wa pekee au ni wasiwasi na sonona vikijitokeza kwa sura ya mahali. Vyovyote iwavyo, kijana alilisikia tatizo mahali ambapo jamii yake ilimfundisha kwamba masomo huumiza. Sisi nasi tunayo ya kwetu. Ni nani katika vijiji vya Rungwe, Makete au Kilolo hajasikia habari ya fulani aliyesoma mpaka akachanganyikiwa? Ni nani hajasikia kwamba mtoto aliyerudi kutoka chuo akiwa mnyonge amechezewa na wasiofurahia maendeleo ya familia? Kijana hupanda basi kwenda chuo na imani hizo zote, kisha semina inamwongezea nyingine yenye jina la kisayansi. Zote zinamwambia jambo moja: akili yako ni kitu chepesi kuvunjika, na kusoma ni hatari.

Ushahidi mpana zaidi ninaoujua ulichapishwa katika Nature mwaka 2022 na David Yeager na wenzake, akiwamo Jamieson. Walifanya majaribio sita yenye jumla ya vijana 4,291. Somo lenyewe lilichukua kama dakika 30 mtandaoni na lilifundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba uwezo wa mtu hukua anapokabili jambo gumu, na kwamba mwitikio wa mwili wakati wa msongo ni nishati anayoweza kuitumia. Vipimo vilionyesha nafuu katika mapigo ya moyo na mishipa, katika kotisoli, na katika hali ya kujisikia. Katika jaribio mojawapo dalili za wasiwasi zilipimwa wakati wa vizuizi vya korona mwaka 2020, nazo zilikuwa chini kwa waliopata somo. Jingine lilihusu wanafunzi wa mjini wa familia za kipato cha chini, na matokeo yao ya masomo yakapanda. Nafuu hizo si miujiza, wala waandishi hawakudai miujiza. Lakini nusu saa ni muda mfupi kuliko semina nyingi tunazowakalisha wanafunzi wakisikiliza orodha ya magonjwa.

Hapa lazima niwaonye wanaoupenda upande huu kupita kiasi. Iko takwimu moja inayorudiwa sana na wahamasishaji. Mwaka 2012 Abiola Keller na wenzake walitumia majibu ya watu wazima wapatao 28,000 wa Marekani waliohojiwa mwaka 1998, wakafuatilia ni nani aliyefariki katika miaka iliyofuata. Waliosema wana msongo mkubwa na wakaamini kwamba unaathiri sana afya yao walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 43. Wahamasishaji husoma hapo kwamba imani ndiyo iliyowaua. Utafiti ule hauwezi kuthibitisha hivyo. Mtu ambaye presha imekwisha kumpanda na tumbo limekwisha kuharibika ana kila sababu ya kusema msongo umemwumiza, na huenda akafa mapema kwa sababu alisema kweli. Majaribio kama la Jamieson na la Yeager yana nguvu zaidi kwa kuwa watu waligawanywa kwa bahati na kisha kulinganishwa. Tusijenge jambo zuri juu ya ushahidi usiolibeba.

Katika mabishano haya hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, hasa kwa wazee wetu na baadhi ya wahadhiri: vijana wa leo ni mayai, sisi tulisoma kwa kibatari, tulitembea kilomita nyingi, na hatukujua msongo ni nini. Nawaheshimu wanaosema hivyo na sikatai kwamba walipata taabu. Lakini wanalinganisha vitu visivyolingana. Hadi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanzishwa mwaka 1984, Tanzania Bara ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Aliyeingia pale alilishwa, alilazwa na alisomeshwa na serikali, na kazi ilikuwa ikimngoja alipomaliza. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa sababu mzigo ulikuwa umekwisha kuhamia kwa familia. Kibatari kilikuwa taabu, lakini kilikuwa taabu yenye mwisho unaoonekana. Anayehitimu leo Mbeya au Iringa anaweza kuwa na deni la mkopo, cheti mkononi na kaka aliyehitimu kabla yake akiendesha bodaboda Mwanjelwa. Kumwambia huyo kwamba ni laini ni kukataa kumtazama.

Na bado ndani ya maneno ya wazee hao kuna kitu ambacho semina zimekipoteza. Waliamini kwamba taabu ya masomo ilikuwa inawapeleka mahali. Mchumia juani hulia kivulini, walisema, na kwao haikuwa picha ya ukutani. Moyo ulipodunda kabla ya mtihani hawakudhani wanaugua. Kwa lugha ya Crum, walikuwa na imani kwamba msongo unaimarisha, na waliipata bila video. Kosa ni kudhani kwamba imani hiyo ilitokana na ugumu wao wa asili. Ilitokana kwa sehemu na ukweli kwamba juhudi na matunda vilikuwa vimeshikana machoni mwao. Ukitaka kijana wa leo aamini hivyo, huwezi kumpa methali peke yake. Inabidi njia kati ya juhudi na matunda ionekane tena, angalau ndani ya chuo.

Hoja nyingine ninaichukua kwa uzito wote. Wanaosema tuwaonye wanafunzi kuhusu msongo wamewaona vijana waliopotea. Wanahofu kwamba tukianza kusema msongo unaweza kusaidia, mwenye sonona atajikaza akidhani anajengwa, na siku moja mlango wa geto, chumba chake cha kupanga, utavunjwa kukiwa kumechelewa. Hofu hiyo ni halali, na sitaki neno langu lolote limfanye mtu akae na ugonjwa kimya. Lakini tazama kinachotokea kila dunda la moyo linapoitwa tatizo la afya ya akili. Darasa zima linakuwa na msongo. Kila mtu anasema ana stresi, kuanzia aliyesahau chaja hadi ambaye hajala vizuri wala kulala kwa siku nyingi na anatamani asiamke. Yule wa mwisho anazama katikati ya umati na hakuna anayemsikia, kwa kuwa anatumia neno lilelile wanalotumia wote. Mafundisho yanayoeleza kwamba wasiwasi wa kabla ya mtihani ni kazi ya kawaida ya mwili yanamrahisishia rafiki wa chumba kimoja kuona kisicho cha kawaida: huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili au zaidi mfululizo, usingizi uliopotea, kula kulikokoma, mazungumzo ya kufa. Huyo asiambiwe habari za nishati. Ashikwe mkono, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Inabaki hoja ya umaskini, na hii ndiyo inayonizuia kukubali kampeni yoyote ya kubadili imani peke yake. Kwa miongo mingi Robert Sapolsky alifuatilia nyani wa porini katika Masai Mara, Kenya. Pale ngazi ya ukubwa katika kundi ilipokuwa imetulia, madume ya daraja la chini, yanayonyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, yalikuwa na kiwango cha juu cha homoni za msongo hata wakati wa kupumzika. Hakuna imani inayoeleza jambo hilo. Ni nafasi ya mnyama katika kundi. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha katika jarida la Science utafiti uliohusisha wakulima 464 wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, kuliko baada ya mavuno. Akili ilikuwa ileile. Uhaba ulikuwa umekalia sehemu yake.

Nyanda za Juu Kusini tungeweza kuurudia utafiti huo bila kutoka nje ya wilaya zetu. Mvua huku ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi karibu Aprili au Mei. Mahindi huvunwa kuanzia Juni na kuendelea, na fedha huonekana yakiuzwa. Mwaka wa masomo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati ambapo familia ya Mbozi, Mufindi au Wanging'ombe inatakiwa kununua mbegu na mbolea ya kupandia kwa fedha ileile. Mzazi hulazimika kuchagua kati ya shamba na ada, na akichagua ada leo, mwakani hakuna cha kuvuna. Mwanafunzi anajua hilo. Anaketi kwenye kipindi cha kwanza cha takwimu akiwaza kama jina lake litatoka kwenye orodha ya mikopo ya awamu inayofuata. Boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, kinachofuata ni mlo mmoja kwa siku, kukopa kwa mangi wa duka, na kumkwepa mwenye nyumba. Mtihani wa muhula wa pili humkuta Julai, kwenye baridi ya Mbeya na Mafinga inayoingia hadi kwenye mifupa, akiwa na blanketi moja. Kumwambia kijana huyo aubadili mtazamo wake kuhusu njaa ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole.

Kwa hiyo mpaka wa imani uko wapi? Nauona hapa: imani kwamba msongo ni nishati hufanya kazi pale ambapo mtu ana kitu cha kufanya na nishati hiyo. Kabla ya mtihani kipo. Kuna swali la kujibu. Baada ya test mbaya kipo. Kuna mwalimu wa kuona na desa (notisi za somo) la kurudia, kuna wenzako wa kupiga nao msuli wa kusoma. Mbele ya ada isiyo na mwelekeo hakipo, isipokuwa mtu mwingine mwenye mamlaka akiweke. Msongo wa aina ya kwanza unahitaji elimu. Wa aina ya pili unahitaji uamuzi wa ofisi. Vyuo vyetu vimezoea kuvitibu vyote viwili kwa semina kwa kuwa semina ni rahisi kuliko kubadili ratiba.

Uamuzi wenyewe hauhitaji bajeti kubwa. Test za masomo matano kurundikana katika wiki moja ni matokeo ya wahadhiri kutozungumza wao kwa wao, na mkuu wa idara anaweza kulimaliza kwa kikao kimoja mwanzoni mwa muhula. Matokeo ya kazi za darasani yakitoka mapema, mwanafunzi anajua aongeze nguvu wapi. Yakitoka siku chache kabla ya UE, mwili wake unabaki na utayari usio na pa kwenda, na hiyo ndiyo hali ambayo McEwen alieleza madhara yake. Mhadhiri anayeingia darasani na kutangaza kwamba somo lake huwa linakamata nusu ya darasa anapanda imani kwa mamia ya vijana kwa sentensi moja, na anapaswa kulijua hilo. Sentensi nyingine ingemgharimu pumzi ileile: somo hili ni gumu, moyo utadunda, na anayekuja ofisini kwangu Jumanne nitamwonyesha alipokosea.

Wazazi nao wana sehemu yao. Simu za kila Jumapili zinazoanza na "mwanangu usijichoshe, utachanganyikiwa" na zile zinazoanza na "usituangushe, tumeuza ng'ombe" hutoka kwenye upendo uleule, na zote mbili humwacha mtoto na hofu asiyojua aifanyie nini. Afadhali mama au baba aulize ni somo gani linamsumbua na amepanga kumwona nani kuhusu somo hilo.

Nikipewa saa moja ya semina ya wanafunzi wapya, pale Mkwawa au Iyunga, ningeigawa hivi. Nusu saa ya kwanza ningewapa watu wa afya waeleze kotisoli inafanya nini asubuhi, kwa nini mikono hutetemeka kabla ya karatasi kugawiwa, na ni dalili zipi zinamaanisha sasa nenda hospitali. Nusu saa ya pili ningewaketisha meza moja mshauri wa wanafunzi, ofisa mikopo na mhasibu wa chuo, wajibu maswali hadharani: boom likichelewa nani ana chakula, fomu ya rufaa ya mkopo inajazwa wapi, na ada inaweza kulipwa kwa awamu ngapi ikiwa nyumbani wanangoja mahindi ya Julai. Mhasibu asipokuwa na jibu la swali hilo la mwisho, basi baraza la chuo limepata ajenda yake kabla mvua za Novemba hazijaanza.